Miaka mitano ya kulala mchana nyumbani kwa baba

Kwetu ni Ujiji. Baba ana malori mawili, duka la jumla kule Mwanga na nyumba ya wageni ya vyumba 14. Kwa Kigoma hiyo ni familia ambayo ukitaja jina, mtu anakuuliza, "Wewe ni mtoto wa mzee yule?" Kuanzia Januari 2019 hadi Mei 2024 mtoto wa mzee yule hakufanya kazi yoyote wala kusoma chochote. Mtoto huyo ni mimi. Sasa nina miaka 29.

Naandika kwa vijana walio pale nilipokuwa, na zaidi kwa wazazi wao. Hapa mjini nazijua nyumba tatu zinazopita njia ile ile, na zote zinarudia makosa yaliyofanyika kwetu.

Nianze na shule, maana ndiko tatizo lilikoota. Nilisoma shule za kulipia tangu chekechea. Kila likizo nilipelekwa tuisheni, na mwalimu wa hesabu alikuja mpaka nyumbani. Kidato cha nne nikapata daraja la kwanza na baba akachinja ng'ombe. Watu walinipongeza sana, lakini usiku ule nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Sikujua kama nimefaulu mimi au wamefaulu walimu niliolipiwa. Nilikuwa sijawahi kufanya jambo moja gumu peke yangu hadi mwisho.

Mwaka 2016 nikaenda chuo Dar es Salaam kusomea uhasibu. Huko hakuna mwalimu anayekufuata chumbani. Mwaka wa kwanza nilipita kwa shida, mwaka wa pili nikapata sapu nne, yaani mitihani minne ya kurudia. Nilifaulu mbili, nikadisko, yaani nikaondolewa chuoni. Baba alikuwa ameshatuma ada na hela ya matumizi. Sikusema. Nilibaki Dar miezi mitatu nikila ile ada, na ilipobaki nauli nikapanda treni ya Kigoma. Mama aliponipokea nikamwambia nimeahirisha mwaka. Neno "nimeahirisha" lilinibeba miaka mitano.

Baada ya hapo siku zangu zilifanana. Naamka saa sita mchana. Chakula kiko mezani kimefunikwa kawa, na nilikuwa nasubiri mpaka nisikie mama ametoka ukumbini ndipo nikichukue, ili nisiulizwe kitu. Alasiri nalala tena au nacheza gemu. Jioni naenda kijiweni, sisi wanne, wote watoto wa watu wenye nazo, tunazungumza biashara za mamilioni ambazo hakuna aliyewahi kuanza hata moja. Usiku simu mpaka saa tisa. Adhana ya alfajiri ilinikuta bado macho, nikasikia baba anachukua udhu, na hapo ndipo nilipojifunika shuka gubigubi nikijifanya nimelala tangu saa tatu.

Mtu akiniuliza nafanya nini, nilikuwa na majibu tayari: kuna mchongo naufuatilia, kuna watu nasubiri wanijibu, niko kwenye mchakato. Majibu haya yana faida moja, hayana tarehe.

Watu walisema mimi ni mvivu, na nilipendelea wafikiri hivyo. Mvivu angalau anaaminika kwamba akitaka ataweza. Nilichoogopa ni kutaka halafu nikashindwa, ikajulikana kwamba hata kwa hela yote ile, ndani hamna kitu. Kijana asiye na kitu anakutana na hofu hiyo mapema, kwa sababu asipotoka hatakula. Mimi nilikuwa na uwezo wa kuikwepa kila asubuhi. Hela za baba hazikunifanya nisiogope, zilichofanya ni kuiondoa ile siku ambayo ingenilazimu nitoke nikiwa naogopa.

Halafu kuna hasira, na hili wazazi wengi hawalijui. Kadiri baba alivyonipa ndivyo nilivyomchukia. Kila elfu hamsini niliyotumiwa ilikuwa kama mtu ananiambia "najua huwezi". Nilikuwa naichukua, naitumia, kisha sisemi naye siku tatu. Mama aliona ni kiburi. Kilikuwa ni aibu.

Dada wa kazi alikuwa na miaka 19. Asubuhi moja, kumbe kwake ilikuwa inaelekea adhuhuri, alikuja na shati langu amelinyoosha vizuri, akauliza bila ubaya wowote, "Kaka, leo unakwenda wapi nikusafishie na viatu?" Sikuwa na pa kwenda. Nilimfokea. Yule binti alikuwa anawatumia wazazi wake Kasulu hela kila mwezi, na mimi niliyemzidi miaka mitano nilikuwa namfokea kwa kuwa ameniuliza ninakokwenda. Nilimwomba radhi mwaka 2025, kwa simu, akiwa ameshaolewa.

Gharama nitazitaja wazi, kwa sababu familia huwa zinazificha mpaka zinafilisika kimya kimya. Mwaka 2020 baba alinipa milioni nane nifungue duka la vifaa vya simu Mwanga. Nilimwajiri kijana, nikawa nafika saa kumi jioni kuchukua mauzo. Miezi saba likafa, na hadi leo kuna milioni tatu na laki nne sijui zilikwenda wapi. Mwaka 2021 akaninunulia bajaji nimpe dereva, niwe napokea hesabu ya kila siku. Hesabu nilipokea, nikala, wala sikuweka hata ya kubadilishia matairi. Ilipofia barabarani Gungu ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Juu ya hayo kulikuwa na mikeka ya kubeti. Baadaye nilipoomba taarifa ya miamala ya simu yangu ya mwaka ule, niliona nimeingiza kwenye kubeti shilingi 2,870,000 na zilizorudi ni 910,000. Nilikuwa naamini kabisa kwamba niko karibu kuwa sawa kwa sawa.

Mzazi unayesoma hapa: usianze na mtaji. Najua unampenda, unaona akipata kitu chake ataamka. Mtu aliyeshindwa kuamka saa mbili hawezi kuendesha duka la milioni nane. Duka litakufa, na kifo chake kitamthibitishia kile alichokuwa anakiogopa. Mimi baada ya duka kufa nilizama zaidi kuliko baada ya kudisko, kwa sababu safari hii hapakuwa na chuo cha kulaumu.

Kosa la pili ni kikao cha ukoo. Mwaka 2022 waliitwa baba wakubwa, mashangazi, mpaka imamu. Watu 11 ukumbini, kila mmoja akinitajia kijana wa fulani aliyeanza na karanga. Niliinamisha kichwa, nikasema nimewaelewa, nikaomba dua nikaombewa. Kesho yake niliamka saa saba. Mbele ya watu 11 kijana hawezi kusema ukweli wake, atasema kile kitakachomaliza kikao.

La tatu ni ukimya. Nilikuja kujua kwamba baba alipiga simu chuoni mwaka 2020, akaambiwa nilishaondolewa. Hakuniambia kwamba anajua. Alinistahi, na alilinda jina. Mimi namficha, yeye ananificha kwamba ameshajua, na mama katikati anapika. Ingekuwa vyema angeniita sisi wawili, akasema, "Najua ulidisko, tuanzie hapo." Uongo ule ulikuwa unanimaliza nguvu kuliko kazi yoyote niliyofanya tangu hapo, kwa sababu kila nilipofikiria kuomba kazi nilikumbuka kwamba nitaulizwa cheti.

Mwaka 2023 nilikonda, nikawa silali hata nikitaka, na kuna wiki mbili sikuoga. Mama alinipeleka hospitali akidhani ni tumbo. Daktari aliuliza maswali machache kuhusu usingizi, hamu ya kula na kama nawaza kufa, akasema ni sonona. Nilipata dawa na nikahudhuria mazungumzo mara sita. Zilinisaidia kuinuka kitandani, na hilo si jambo dogo. Kwa hiyo kabla hujampeleka mwanao kwa fundi au kumfukuza nyumbani, hakikisha kwanza si mgonjwa. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu inayokaa zaidi ya wiki mbili inataka daktari, hata kama nyumba ina kila kitu.

Kilichonitoa kilikuja bila mtu kukipanga. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana mitumbwi mwalo wa Katonga. Wiki ya pili ya kufungwa mama alinituma nimpelekee mzigo.

Nakiri nilikwenda kwa furaha. Niliwaza kwamba angalau sasa mji mzima umekaa kama mimi. Nilipofika nikakuta mwalo uko kazini. Mitumbwi imepinduliwa mchangani, watu wanaziba nyufa kwa kalafati, mwingine anafunga upya nyaya za taa za sola zile wanazovulia dagaa gizani, na chini ya mwembe wazee wanne wameketi na wavu umetandazwa magotini mwao, wanashona. Hakuna aliyekuwa na kipato siku ile. Wengine walikuwa wanakula kwa mkopo wa dukani. Lakini wote walijua kesho asubuhi wataanzia wapi.

Mjomba alinitazama nilivyosimama. Akasema, "Ziwa ndilo lililofungwa, mpwa. Kaa hapo unishikie uzi."

Nilikaa. Kushona wavu kunaanza kwa kukata zaidi. Tundu lililochanika huliunganishi hivi hivi, unaanza kulisafisha kwa kisu mpaka upate macho yaliyo mazima pande zote, ndipo sindano iingie, jicho moja baada ya jingine, na kila fundo unalikaza kwa kidole gumba. Ukikaza vibaya fundo linateleza na jicho linakuwa kubwa, na hapo dagaa wanapita. Nilifunga mafundo tisa kwa muda ambao mzee wa kando yangu alimaliza tundu zima. Alinyoosha mkono, akavuta langu la tano, likafunguka. "Rudia hilo," akasema, akaendelea na lake. Hakuna aliyesema baba yako ni nani, hakuna aliyesema jitahidi utaweza. Fundo lilishika au halikushika. Nilirudia mara tatu, na la mwisho lilishika. Nina hakika nilikuwa sijawahi kufurahia kitu namna ile tangu nizaliwe, na nilishangaa nilipoona macho yamenilengalenga kwa ajili ya fundo la wavu.

Jioni mjomba akasema nije kesho saa mbili, atanilipa elfu tano kama wengine wanaomsaidia. Kesho yake nilifika saa nne. Kazi yangu alikuwa ameshapewa kijana mwingine. Mjomba alinisalimia vizuri, akanipa chai, akasema, "Njoo kesho." Hakunisema, na hakumpigia baba simu. Siku ya tatu nilifika saa mbili na robo, nikapewa kazi, na jioni nikalipwa elfu nne. Elfu moja aliikata bila maelezo. Nilinuna njiani mpaka Bangwe, kisha nikagundua kwamba zile elfu nne ni hela ya kwanza maishani mwangu ambayo thamani yake naijua.

Zingatia hapo. Kilichofanya kazi kwangu ni malipo madogo, ya siku hiyo hiyo, yanayokatwa ukichelewa, kutoka kwa mtu ambaye si baba. Kazini kwa baba nisingetoka. Wafanyakazi wa dukani walikuwa wananiita "bosi mdogo", na mtu anayeitwa bosi hakatwi elfu moja.

Mambo ya kusaidia yalikuwa ya kawaida kabisa. Simu nilimkabidhi mama saa nne usiku, akalala nayo. Namba niliyokuwa nabetia niliifunga. Niliacha kijiwe kwa miezi mitatu bila kugombana na mtu, nilisema tu niko Katonga. Na wiki ya tatu nilimwambia mjomba ukweli wa chuo, mtu mmoja tu, tukiwa tunakunja wavu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi kumbe ulikuwa unabeba na hilo." Yeye ndiye aliyenisindikiza kwa baba. Nikimshauri kijana, nitamwambia atafute mtu mmoja wa namna hiyo kabla ya kutafuta kazi.

Siku mbaya zilikuwepo. Mwezi wa saba nilikosekana siku nne mfululizo, nikajua nimerudi kule kule. Siku ya tano nilikwenda nikiwa na hotuba ndefu ya kuomba msamaha. Mjomba alikuwa chini ya mtumbwi, akanipa ndoo ya lami.

Ziwa lilipofunguliwa nikawa karani wake. Wavuvi wanatoka jioni, wanarudi alfajiri, na mzigo lazima uhesabiwe kabla jua halijapanda kwa sababu dagaa wakichelewa kuanikwa wanaharibika. Siku za mbalamwezi wanapumzika, maana taa hazivuti dagaa vizuri kukiwa na mwanga angani. Kwa mtu ambaye saa zake zilikuwa zimevurugika, kupangiwa usiku na mchana na mwezi wenyewe kulikuwa tiba. Huwezi kumwambia mwezi umeahirisha.

Desemba ile mdogo wangu, binti wa baba mdogo anayesoma saikolojia, alikuja likizo. Nilimsimulia yote, akanieleza mambo mawili ambayo sijayasahau.

La kwanza ni utafiti wa Steven Berglas na Edward Jones, Wamarekani, uliotoka mwaka 1978. Waliwapa wanafunzi maswali, wengine yakiwa hayana jibu kabisa, kisha wakawaambia wamefanya vizuri. Kabla ya mtihani wa pili waliwapa nafasi ya kuchagua dawa, moja waliambiwa inasaidia akili, nyingine inaidumaza. Wanaume waliosifiwa kwa maswali yasiyo na jibu walielekea kuchagua ile ya kudumaza. Walisifiwa kwa kitu wasichojua wamekifanyaje, sasa wakihitaji kisingizio kabla ya kupimwa tena. Nilimwambia asimame kidogo. Nilimwona ng'ombe wa baba aliyechinjwa kwa daraja la kwanza, na ile miaka yote ya kulala mchana nikaiona kama dawa niliyoichagua mwenyewe.

La pili ni kijiji cha Marienthal, Austria. Kiwanda cha nguo kilichowaajiri karibu wote kilifungwa, na Marie Jahoda na wenzake wakaenda kuwachunguza, kitabu kikatoka 1933. Watu wale walikuwa na muda tele, lakini walikuwa wanaazima vitabu vichache maktaba kuliko walipokuwa na kazi. Wanaume walitembea polepole kuliko wanawake, wakisimamasimama njiani, na ukiwauliza wamefanya nini tangu asubuhi hawakumbuki. Wanawake walikuwa na nyumba za kuendesha, siku yao ilikuwa bado na mpangilio. Mimi sikufukuzwa kiwandani na sikulala njaa, kwa hiyo sitaki kujilinganisha na mateso yao. Lakini mama aliposikia habari hiyo alisema, "Hata wewe. Nilikuwa nakujua kwa ndala, unavyoziburuta."

Leo napata kama laki tatu na nusu kwa mwezi, ya ukarani pamoja na faida ya dagaa waliokaushwa ninaowafungasha kwa kilo na kuwatuma Dar es Salaam na Dodoma. Chuo sijarudi, na sijui kama nitarudi. Dawa niliacha kwa maelekezo ya daktari. Wenzangu wa kijiweni, mmoja yuko dukani kwa shemeji yake na anaendelea vizuri, wawili bado. Nawatembelea. Siwahubirii, nawaambia kuna kazi ya siku moja Katonga wakitaka.

Bajaji na duka nimeamua kulipa. Baba alikataa mwanzoni, akasema yale yameshapita na mtoto hamlipi mzazi. Nilimwomba mjomba azungumze naye, apokee kama anavyopokea kwa mteja yeyote. Sasa kila mwisho wa mwezi nampelekea elfu hamsini baada ya swala ya Ijumaa. Ana daftari lake la kijani. Anavaa miwani, anahesabu noti mara mbili, anaandika tarehe na kusaini. Hadi sasa nimefikisha laki saba na nusu. Mwezi uliopita zilipungua elfu mbili, nilikuwa nimehesabu vibaya. Alizisukuma noti zote upande wangu wa meza, akanirudisha nikazifuate.